Dakika Sita kwa Daftari Moja

Chumba cha wasaidizi,
Jumapili mchana

Dada yangu,

Shikamoo. Nianze na bega lako kabla ya jambo lolote, maana ulisema limeanza tena kukusumbua upande ule wa cherehani, na kwamba umelipaka dawa ya kuchua mpaka shemeji amehamia sebuleni. Limepoa? Na yeye shemeji, kifua kimetulia, au bado anakohoa kwa makusudi ukianza kumuuliza maswali? Wale wanangu wawili nasikia wamekuwa warefu kunipita, sijui mnawalisha nini huko. Mama mwambie sweta limenifika na nalivaa, mikono imezidi kidogo lakini nimeikunja. Mimi huku sijambo, mwili mzima, chakula kinapita, ila macho yanawasha, na sababu yake utaiona mbele.

Ulinisema katika barua yako, na nilistahili. Uliandika kwamba mtu mwenye kazi ya saa ishirini kwa wiki akikaa miezi mitatu bila kuwaandikia watu wake, huyo ana jambo. Ukasema kiwandani kwenu saa ishirini zinakwisha Jumanne jioni, na kuanzia Jumatano mtu angekuwa kwake amekaa anajipepea. Halafu ukauliza, hizo saa nyingine mdogo wangu unazipeleka wapi? Nilicheka peke yangu hapa, kisha kicheko kikakatika njiani, kwa sababu nilikuta sina jibu. Hiyo ni wiki kumi zilizopita, nisamehe kwa kuchelewa. Unanijua, swali likinikaa kichwani halinipi nafasi ya kufanya jingine.

Nikueleze kwanza kazi yenyewe. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya tatu, ile wanayoiita uzamivu, na kweli tumezama. Chuo kimenipa na ajira pia: nasaidia kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza somo la kusoma ramani. Kwa hiyo idara ileile inanidai utafiti kama mwanafunzi na inanidai kazi kama mwajiriwa, na mkataba unasema kazi isizidi saa ishirini kwa wiki ili muda unaobaki niutumie kwa utafiti wangu wa mito. Tuko wasaidizi wanne katika chumba kilichokuwa stoo ya ramani. Meza nne, kabati la chuma ambalo mlango wake haufungi mpaka uuwekee karatasi iliyokunjwa, dirisha lililopakwa rangi likagandana na fremu, na jagi la umeme tulilorithi kwa msaidizi aliyehitimu zamani. Kila Jumatatu tunakuta madaftari ya mazoezi mezani, mia na ishirini kwa kila mmoja wetu, yamefungwa kwa kamba.

Idara ina hesabu yake, imebandikwa nyuma ya mlango. Semina sita za saa moja moja, hizo saa sita. Kukaa ofisini kuwasikiliza wanafunzi, saa mbili. Kusahihisha madaftari mia na ishirini, kila daftari dakika sita, saa kumi na mbili. Jumlisha mwenyewe uone: ishirini kamili. Nilipoiona mara ya kwanza niliipenda hesabu ile kama ninavyopenda nguo uliyoshona wewe, kwamba mtu hauoni mshono ulipo.

Sasa kwa ajili ya swali lako nikaenda sokoni nikanunua saa ndogo ya jikoni, ile ya kuzungusha inayolia mayai yakiiva, nikaiweka mezani kwangu na kuanza kujipima. Wenzangu walidhani nimeanza kuchemsha mayai. Dada, ni mambo ya ajabu. Daftari la kwanza la asubuhi lilinichukua dakika ishirini na mbili, la baada ya chai kumi na moja. Mwenye mwandiko mzuri na majibu mabaya ananichelewesha kuliko mwenye mwandiko mbaya na majibu mazuri, kwa sababu yule wa kwanza ananidanganya mpaka katikati. Lililonishangaza kuliko yote ni daftari tupu. Lilinila dakika kumi na tisa, maana nilikaa nalo nikijiuliza huyu kapatwa na nini, nikatafuta mazoezi yake ya nyuma, nikamwandikia aje anione. Nilipojumlisha wiki nzima na kugawanya nikapata dakika kumi na tano kwa daftari. Maana yake saa thelathini za kusahihisha tu, ukiongeza zile nane unafika thelathini na nane.

Na bado sikujua nihesabu nini. Mwanafunzi akinikamata kwenye ngazi na kuniuliza kwa nini mistari ya kontua, ile inayoonyesha miinuko kwenye ramani, haikatizani, nikamjibu nimesimama na begi begani, hiyo ni kazi au ni mazungumzo? Nikiwa naoga nikapata mfano mzuri wa kumweleza, je, saa ya kuoga ni ya idara? Nilimuuliza mwenzetu anayekaa karibu na kabati, tunamwita Mstaafu kwa kuwa yuko mwaka wa saba na ana kiti chake cha mto. Akaniambia niache, mtu akianza kuhesabu pumzi zake atapaliwa. Ndiye aliyenifafanulia pia habari ya fomu. Kila Ijumaa tunajaza fomu ya saa tulizofanya, na sote tunaandika ishirini. Anayeandika zaidi anatakiwa kuandika barua ya kujieleza kwa nini ameshindwa kumaliza ndani ya muda. Kwa hiyo, alisema Mstaafu, kuandika zaidi ni kujishtaki uzembe, na saa zinazozidi unazichota kimya kimya kwenye utafiti wako. Yeye amezichota mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana bado yupo.

Sote tuliandika ishirini isipokuwa mtu mmoja, na hapo ndipo habari inapokuwa nzito. Meza ya dirishani anakaa dada mmoja wa mwaka wa nne ambaye tulimpa jina la Bi Taratibu, kwa mzaha, naye akalipokea. Haweki alama bila kueleza sababu. Mwanafunzi akikosa, anamchorea bonde upya pembeni mwa daftari amwonyeshe maji yangepita wapi. Wanafunzi wanahamia semina zake mpaka tunawarudisha kwa nguvu. Ana binti wa miaka mitano ambaye akitoka chekechea alikuwa anakuja kukaa chini ya meza ya mama yake, anachora milima nyuma ya ramani zilizochakaa na kutuuliza kila mmoja anataka mlima wa rangi gani. Basi mwanzo wa muhula huu, Bi Taratibu akajaza fomu yake thelathini na nane. Wala si kwa ukorofi. Aliulizwa ametumia saa ngapi, akajibu.

Mkuu wa Idara akamwita. Alirudi baada ya nusu saa akatusimulia kwa utulivu, huku anachonga penseli. Mkuu alimwambia kwamba wenzake watatu wanafanya kazi ileile kwa saa ishirini na fomu zao ziko mezani, kwa hiyo tatizo si kazi, ni yeye. Akamwambia kikao cha idara cha mwisho wa muhula ndicho kitakachoamua mikataba, na kwa mwendo huu, mkataba wake hautaongezwa. Bila mkataba hana msamaha wa ada, na bila msamaha wa ada anaondoka chuoni, naye amebakiza sura mbili tu za tasnifu yake. Alipomaliza kusimulia akanigeukia mimi akauliza, bila hila yoyote, mwenzangu unatumia dakika ngapi kwa daftari? Saa yangu ya mayai ilikuwa kwenye droo. Nilimjibu kwamba inategemea.

Nikawa naona aibu, na mimi nikiona aibu huwa nauliza maswali. Nikajiuliza, hizi dakika sita zilitoka wapi? Nani alikaa akasema sita, asiseme tano wala tisa? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nikaanza kwa katibu muhtasi wa idara, mama mmoja tunayemwita Mama Faili, ambaye anajua kila karatasi iliyowahi kuingia jengo hili na iliyotoka bila ruhusa. Nilimkuta anabandika lebo. Akaniambia hizo dakika hazikuokotwa njiani, zilipimwa. Somo la ramani lilipoanzishwa miaka minne nyuma, Profesa wa Mito alifanya jaribio, akampa mtu madaftari ishirini asahihishe, naye akakaa na saa yake. Nikamuuliza ni nani aliyesahihisha. Akasema yeye anatunza faili, hatunzi watu.

Wiki mbili baadaye nilipata ujasiri nikaenda kwa Mkuu mwenyewe, nikajifanya nauliza kwa ajili ya kujifunza uendeshaji. Si mtu mbaya, dada, usimchukie. Meza yake imejaa kuliko zetu na chai yake siku zote imepoa. Alisema kanuni aliikuta, na kanuni iliyopimwa kitaalamu ni bora kuliko ya kukisia, maana bila hiyo kila msaidizi angekuja na saa zake na bajeti ingesambaratika. Nikamuuliza kama imewahi kupimwa tena. Akasema hakuna aliyelalamika. Na hapo alisema kweli, fomu zetu zote zilikuwa zinamwambia mambo ni shwari.

Nikawauliza wasaidizi wa zamani ninaowajua kama kuna aliyewahi kupimwa. Hakuna. Nikapitia orodha ya wanafunzi wa mwaka ule wa jaribio nikijiuliza ni yupi angeweza kuwa na mkono mwepesi hivyo. Mmoja nilimwandikia mpaka mji wa mbali alikohamia kikazi, akanijibu kwa kicheko kwamba yeye daftari moja lilikuwa linamtoa jasho. Wiki zikawa zinakwenda. Bi Taratibu akajaribu kujiharakisha. Nilimwona anaweka alama bila kuandika neno, anafunga daftari, halafu analifungua tena na kuandika. Chini ya meza yake kukawa kimya, maana yule mtoto alimpeleka kwa bibi yake. Alisema hawezi kusubiri afukuzwe ndipo aanze kutafuta nafasi ya shule, bora mtoto aanze kule mapema azoee. Ile siku ya safari mtoto alitupa mkono sote, tena akaniuliza mimi nani atamlindia rangi zake. Ziko kwenye droo yangu.

Mwisho nikaenda kwa Profesa wa Mito. Amestaafu, anaishi nyumba yenye ngazi tatu na bustani ya maboga, na macho yamepungua nguvu. Alifurahi nilivyokwenda. Alinionyesha saa yake ya kubonyeza, ile aliyopimia kasi ya maji maisha yake yote, bado anaipangusa kila asubuhi. Nikamuuliza habari ya jaribio. Akakumbuka. Alisema idara ilitaka namba ndani ya siku mbili, akachukua mtu mmoja na madaftari ishirini, akaandika pembeni kwamba hii ni mara moja tu, warudie kwa watu wengine. Yeye mto hapimi mara moja, alisema, anapima masika na kiangazi, itakuwa binadamu? Lakini waliichukua namba na maneno ya pembeni wakayaacha. Nikamuuliza aliyesahihisha alikuwa nani. Alinigeukia kidogo, akasema ni msichana ambaye kalamu yake haikusimama hata mara moja, ila jina limemtoka, nikamtafute Mama Faili, faili lina kila kitu.

Basi nikarudi kwa Mama Faili na nikamwomba faili lenyewe la jaribio. Aliniangalia juu ya miwani, akapanda kiti, akalishusha, akalipangusa vumbi kwa kiganja. Karatasi ni moja. Mwandiko wa Profesa, tarehe, madaftari ishirini yameorodheshwa na dakika zake, jumla saa mbili kamili, wastani dakika sita. Pembeni yale maneno ya kurudia, kwa kalamu nyekundu. Na juu kulia, msahihishaji: jina langu, dada. Jina langu na la baba, yote mawili, na herufi zimekolezwa.

Utakumbuka barua niliyowaandikia mwaka ule niliofika, nikawaambia kwamba Profesa mzima amenisifu mbele ya watu kwamba mimi ni mkali. Mlifurahi sana, Mama aliwasomea majirani. Sikuwaambia lililotangulia. Siku moja kabla ya kupimwa nilitumwa kuyabeba madaftari yale ishirini kutoka chumba cha mitihani, na nikahofia. Nilikuwa mgeni, wenzangu wote walikuwa wanaongea kama vitabu, nikaona nitaaibika. Nikakaa nayo mchana kutwa maktabani, nikayasoma yote, na kila penye alama nikaweka nukta ya penseli hafifu, usingeiona kama hujui. Kesho yake Profesa akabonyeza saa, nami nikafuata nukta. Hakuniambia nimetumia dakika ngapi, alisema tu kwamba hajawahi kuona mkono kama huu. Niliruka ngazi mbili mbili nikishuka.

Kikao kilikuwa Alhamisi. Wasaidizi huwa hatuingii, lakini niliomba dakika chache na Mkuu akaruhusu, pengine alidhani nataka kumtetea mwenzangu kwa maneno matamu. Niliweka ile karatasi mezani. Nikawaambia msahihishaji ni mimi, na madaftari nilikuwa nimeyasoma jana yake, siku nzima, kwa hiyo zile dakika sita ni za kunakili alama, si za kusahihisha. Nikawaambia pia kwamba mimi mwenyewe natumia kumi na tano, na kwamba fomu zangu zote za ishirini ni za uongo. Mkuu akavua miwani, akauliza, "Kwa hiyo ni dakika ngapi?"

Nikamjibu, "Hatujawahi kujua."

Hapo ndipo likaanza zungumzo ambalo ningetaka ulisikie. Watu wazima, wenye shahada za kutosha kufunika ukuta, kila mmoja akaanza kusema anatumia muda gani, na hakuna wawili waliolingana. Mmoja alikiri kwamba husahihisha hospitalini akimsubiri mkewe, hajui kama hiyo aihesabu. Waliamua hesabu ya nyuma ya mlango ibanduliwe, wasaidizi wote wanne tupimwe kwa madaftari tusiyowahi kuyaona, masika na kiangazi, na hakuna mkataba utakaokatwa kwa kigezo cha saa mpaka hapo. Mkataba wa Bi Taratibu umeongezwa mwaka mmoja. Mimi nimeandikiwa barua ya onyo kwa zile fomu, nayo nimeisaini. Mstaafu naye siku ya pili akajaza fomu yake arobaini na moja, akasema anajisikia kama kijana.

Hapo ningemalizia, na ungenisifu. Lakini wewe ndiye dada yangu na sina mwingine wa kumwambia.

Kikaoni nilisema nilikuta jina langu kwenye faili. Nilikuta kweli. Ila nilijua kabla sijalifungua. Nilijua tangu siku ile Mama Faili alipotaja Profesa wa Mito, madaftari ishirini na saa, akiwa bado anabandika lebo zake. Halafu nikamuuliza ni nani aliyesahihisha, kwa sauti ya mtu asiyejua. Wiki tisa, dada. Kule kote nilikozunguka, kwa Mkuu, kwa wasaidizi wa zamani, ile barua ya mji wa mbali, sikuwa natafuta ukweli. Nilikuwa natafuta mtu mwingine. Nilikuwa nasema labda kulikuwa na jaribio la pili, labda kuna mwepesi kuliko mimi, labda jina langu halikuandikwa. Nimejisifia udadisi tangu utoto, kumbe unaweza kuuliza watu wote duniani ili usijiulize wewe. Hata kwa Profesa nilikwenda nikiomba awe amesahau, na aliposahau, au alipojifanya amesahau, nilirudi nyumbani natembea mwepesi.

Bi Taratibu hakujua hilo. Ijumaa alinikumbatia mbele ya wanafunzi. Alimwandikia mama yake na akanisomea kipande kinachonihusu, kwamba kuna mwenzake amejivua nguo mbele ya wakubwa ili yeye abaki. Jana asubuhi nikaenda anakoishi. Alikuwa anapasi, akanipa kiti, akataka kuchemsha maji nikamzuia. Nikamwambia yote, tangu ile siku ya lebo, na nikamtajia ni wiki ngapi. Hakukatiza. Alizima pasi, akaisimamisha, akaushika waya wake akawa anauzungusha mkononi polepole. Kisha akasema, "Mtoto nilimpeleka wiki ya tano."

Mtoto ameshaandikishwa kule, ana kiti na sare, hatahamishwa mpaka mwaka wa shule uishe. Kisha Bi Taratibu aliniomba, kwa adabu yake ileile, kwamba nikitoka nirudishe mlango. Leo ni Jumapili, usiku sikulala na ndiyo maana macho yanawasha, niko hapa chumbani kwetu na meza yake iko pale pale dirishani, na kesho atakuja kukaa, na mimi nitakuwa hapa.

Ndiyo maana nakuuliza jambo, na unijibu kweli, usinionee huruma kwa kuwa ni mdogo wako. Uliwahi kunieleza kwamba kiwandani kwenu alikuja mpimaji na saa, akasimama nyuma ya msichana mmoja wa upande wa kola, naye kwa kutaka kuonekana akashona kola arobaini kwa saa moja, akaenda nazo mbio mpaka sindano ikamchoma. Ikawa arobaini kwa wote, mpaka leo, na bega lako hilo ni la arobaini. Ulipokuwa unanisimulia ulikuwa hutaki hata kulitaja jina lake. Mnakaa safu moja bado. Nataka kujua, dada: mlipata kusemezana naye tena? Na kama mlisemezana, ni nani aliyeanza, na alianza kwa neno gani?

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze vumbi la karakana. Wabusu wanangu. Mama usimsomee barua hii yote, mwambie tu nimeongezewa kazi ya kupimwa na kwamba nakula vizuri. Na bega ulipumzishe walau siku ya leo.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye, ninayengoja jibu.